Kwa nini Cuba wasinunue tu China kama sisi wa Kariakoo?

Swali limetoka kwa ndugu mmoja anayeagiza spea za magari kutoka China na kuziuza Kariakoo, nalifupisha: "Mwalimu, nimeona Cuba umeme unakatika nchi nzima, watu foleni ya mkate, wengine wanasema ni vikwazo vya Marekani, wengine wanasema hicho ni kisingizio cha serikali yao. Mimi najiuliza, Marekani ni nchi moja, dunia ina nchi karibu 200, sasa si wanunue China kama sisi? Na miaka yote 60 hiyo hawajazoea tu?"

Ndugu yangu, nimefurahi swali hili limetoka kwa mtu anayeagiza mzigo mwenyewe, manake wewe utanielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Tuanzie hapo hapo kwenye mzigo wako.

Ukishapata proforma (ankara ya awali) kutoka Guangzhou unaenda benki unatuma TT ya dola, yaani malipo ya benki kwa benki. Zile dola haziendi China moja kwa moja kutoka Dar, benki yako ina akaunti kwenye benki kubwa ambayo mara nyingi iko New York, malipo yanapita huko ndo yanamfikia Mchina wako. Wewe huoni kitu, baada ya siku chache anakwambia hela imeingia, mzigo unaanza kufungwa. Mcuba hiyo njia hana. Malipo yake ya dola yakipita New York yanazuiwa, kwa hiyo inabidi alipe kwa euro au hela nyingine, na hapo nako anahitaji benki ya Ulaya au Asia ambayo haiogopi. Na benki zinaogopa kweli kweli. Mwaka 2014 BNP Paribas ya Ufaransa ilikubali kulipa Marekani dola bilioni 8.9 kwa sababu ya kupitisha malipo ya Sudan, Iran na Cuba, na 2018 Société Générale nayo ikalipa zaidi ya bilioni 1.3, sehemu kubwa ni habari za Cuba. Sasa wewe ndo meneja wa benki, anakuja mteja mdogo kutoka Havana anataka kulipia kontena mbili za vipuri, unapata kamisheni ya dola mia kadhaa, utajiingiza kwenye hiyo hatari? Unamwambia tu akaunti yako tumeifunga, samahani.

Kwa hiyo swali la nchi 200 jibu lake linaanzia hapo. Marekani haijazikataza hizo nchi nyingine zisiuzie Cuba, ila imefanya anayeuza ajiulize mara tatu, na kila anayejiuliza mara tatu anaongeza bei.

Twende kwenye meli. Kuna sheria ya mwaka 1992, inaitwa ya Torricelli, inasema meli ikienda kufanya biashara Cuba hairuhusiwi kupakia wala kushusha mzigo bandari ya Marekani kwa siku 180 bila kibali. Miezi sita hiyo. Meli za mizigo za Karibiani zinazunguka, zinashusha hapa zinapakia pale, na mteja mkubwa wa ukanda ule ni Marekani, hakuna mwenye meli mwenye akili atakayejifungia soko la Miami na Houston miezi sita kwa ajili ya kisiwa cha watu milioni 10. Kwa hiyo Cuba inabaki na meli chache, nyingine inabidi wazikodi ziende zimejaa zirudi tupu, na frayti (gharama ya kusafirisha mzigo) ya kwenda na ya kurudi wanabeba wao.

Umbali pia. Kutoka Cuba mpaka Key West, ncha ya Florida, ni kilomita 150 hivi, yaani kama mara mbili tu ya Dar na Zanzibar. Lakini mchele mwingi wamekuwa wakiutoa Vietnam, upande wa pili wa dunia. Hapo hujafika kwenye habari ya vipuri, na hii nataka uisikie vizuri kwa sababu ndo kazi yako: bidhaa ikiwa na zaidi ya asilimia 10 ya thamani yake imetoka Marekani, haijalishi imeunganishwa Ujerumani au Japani, kuipeleka Cuba inahitaji kibali cha Washington. Sasa fikiria mashine ya hospitali, pampu, kompyuta ya kiwandani, ngapi zina chipu au programu ya Kimarekani ndani? Na kampuni ikinunuliwa na Wamarekani biashara inakufa siku hiyo hiyo. Mwaka 2020 kipindi cha korona kampuni mbili za Uswisi zilizokuwa zinawauzia Cuba mashine za kupumulia ziliwaambia basi, kwa sababu zilikuwa zimenunuliwa na kampuni ya Marekani. Katikati ya janga. Mimi hili sijawahi kulielewa kama siasa, ni ukatili tu.

Halafu mkopo. Wewe ukiaminika na saplaya anakupa siku 60 au 90, ukikwama benki inakukopesha, serikali yetu nayo ikikwama inakwenda IMF au Benki ya Dunia, tunalalamikia masharti yao lakini hela inakuja. Cuba haimo IMF tangu 1964, na sheria ya Marekani inawataka wawakilishi wao wapinge isirudi. Kwa hiyo nchi haina pa kukopa pa kawaida, inakopa kwa marafiki na kwa masaplaya wanaoweka riba ya kutisha. (Ukweli mwingine ni kwamba Cuba yenyewe ni mlipaji mbovu, iliacha kulipa Klabu ya Paris, kundi la nchi tajiri zinazokopesha, mwaka 1986, ikasamehewa dola bilioni 8.5 kati ya 11.1 mwaka 2015, miaka minne baadaye ikaanza kukwama tena.)

Sasa kuna kitu kitakushangaza. Kuku wa kugandisha wengi wanaoliwa Havana wanatoka Marekani! Ndio. Mwaka 2000 bunge la Marekani liliruhusu kuuza vyakula Cuba, meli za kwanza zikafika Desemba 2001 baada ya kimbunga Michelle, na tangu hapo wakulima wa Marekani wanauza kuku wao huko kila mwaka. Watu wanaosema vikwazo ni kisingizio wanapenda sana kutaja hilo. Lakini sharti lake ni kwamba Cuba ilipe taslimu kabla mzigo haujafika, hakuna mkopo hata wa siku moja, na kwa sehemu kubwa haiwezi kuuza chochote upande ule ili ipate hizo dola. Nunua kwangu, ila mimi sinunui kwako, na sikukopeshi. Mwezi dola zikiisha, kuku wameisha.

Turudi nyuma kidogo, maana bila historia hutaelewa kwa nini maumivu yamekuja kwa mawimbi. Kabla ya mapinduzi ya 1959 Cuba ilikuwa imefungamana na Marekani kama mkulima wa pamba na mnunuzi mmoja, karibu theluthi mbili ya mauzo yao yalikwenda huko, sukari kwa mgao maalumu na kwa bei nzuri. Mwaka 1960 viwanda vya kusafisha mafuta vya Texaco, Esso na Shell vikakataa kusafisha mafuta ya Kisovieti, Fidel Castro, kiongozi wa mapinduzi, akavitaifisha, Rais Eisenhower wa Marekani akakata mgao wa sukari, Castro akataifisha zaidi, Oktoba mwaka ule Marekani ikazuia karibu bidhaa zote zisiende isipokuwa chakula na dawa, na Februari 1962 Kennedy, rais aliyemfuata Eisenhower, akafunga kabisa. Kuhusu lengo hakuna haja ya kubahatisha. Aprili 1960 afisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, Lester Mallory, aliandika waraka wa ndani akishauri Cuba inyimwe hela na bidhaa ili mishahara ishuke, njaa iingie, watu wakate tamaa na serikali ianguke. Imeandikwa hivyo, waraka ulishatolewa hadharani.

Lakini angalia, vikwazo vile vile vya 1962 mpaka 1990 havikuua watu kwa njaa, kwa nini? Kwa sababu Wasovieti walinunua sukari kwa bei ya juu kuliko soko la dunia na kuwapa mafuta kwa bei ya kirafiki, mengi kiasi kwamba Cuba ilikuwa inauza mengine nje yenyewe. Kufikia mwisho wa miaka ya 80 zaidi ya asilimia 80 ya biashara yote ilikuwa na kambi ile. Kwa hiyo walitoka kumtegemea mnunuzi mmoja wakaenda kumtegemea mwingine, afu 1991 huyo naye akafa.

Hapo ndo ukaja wakati ambao Wacuba waliupa jina la kipindi maalumu, na mtu yeyote wa umri wa miaka 45 kwenda juu pale hausahau. Kati ya 1989 na 1993 bidhaa kutoka nje zilishuka kutoka karibu dola bilioni 8 hadi bilioni 2. Uchumi ulipungua karibu theluthi. Matrekta yakasimama, wakarudi kulima na ng'ombe, wakaagiza baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China kwa sababu mabasi hayana mafuta, umeme ukawa unakatika hata saa 16 kwa siku. Chakula cha mtu kwa siku kilishuka kutoka kalori 2,900 hivi hadi kama 1,900, na kati ya 1991 na 1993 watu zaidi ya 50,000 waliugua ugonjwa wa neva, wengi macho yakafifia, kwa lishe mbovu na kukosa vitamini. Watu wazima, waliosoma, wanapoteza macho kwa kukosa chakula. Agosti 1994 watu waliandamana ufukweni Havana, na majira yale wengine zaidi ya 30,000 wakaingia baharini na maboya ya mbao na matairi kutafuta Florida.

Na ni wakati huo huo, mtu yuko chini, ndo Washington ikaongeza uzito: sheria ya 1992 niliyokutajia, na 1996 ile ya Helms-Burton. Hii ya pili ndo mbaya kuliko zote kwa sababu ilichukua vikwazo ambavyo rais angeweza kuvifuta kwa saini ikavifanya sheria ya bunge.

Haya, sasa upande wa pili, manake ukiishia hapo umesikia nusu.

Mwaka 1968 serikali ya Castro ilitaifisha biashara ndogo zaidi ya 50,000 kwa mkupuo, na sisemi viwanda, nasema vibanda vya chakula, vinyozi, mafundi viatu, maduka kama lako. Hakuna Mmarekani aliyewalazimisha. Mkulima aliambiwa auzie shirika la serikali kwa bei ya serikali, linachelewa kuja mazao yanaoza shambani, likija linachelewa kulipa. Mkulima gani atalima hivyo? Matokeo yake ardhi kubwa ikabaki pori. Kuna mti wa miiba wenye asili ya huku kwetu Afrika, jamaa ya migunga, wenyewe wanauita marabú, umemeza zaidi ya hekta milioni moja za ardhi ya kilimo ya Cuba. Na kuna jambo dogo hapa ambalo huwa linanigusa: Januari 2017, mzigo wa kwanza halali kwenda Marekani baada ya zaidi ya nusu karne ulikuwa mkaa wa marabú. Nchi iliyokuwa mfalme wa sukari duniani inauza mkaa wa mti uliokua kwenye mashamba ya miwa yaliyoachwa.

Sukari yenyewe, 1990 walitoa tani karibu milioni 8. Msimu wa 2022/23 walitoa kama 350,000, hata ya kunywea chai yao haitoshi, wanaagiza. Vikwazo vimechangia, vipuri na mbolea, sawa, lakini walifunga wenyewe karibu nusu ya viwanda mwaka 2002 na hawakuweka kitu kingine mahali pake.

Kama bado una shaka angalia Vietnam. Marekani waliwawekea vikwazo pia, tena baada ya kuwapiga mabomu, vikaondolewa Februari 1994. Lakini Wavietnamu walianza mageuzi 1986 wakiwa bado wamefungiwa, wakamwachia mkulima alime na auze, na mwaka 1989 walikuwa tayari wanauza mchele nje kwa wingi. Wakiwa bado chini ya vikwazo! Chama kile kile cha kikomunisti. Mimi hii ndo hoja inayonifanya nisikubali mtu anayesema kila kitu ni Marekani.

Na makosa hayajaisha. Januari 2021 waliunganisha sarafu zao mbili katikati ya korona, hakuna watalii, hakuna dola, wakatangaza dola moja ni peso 24. Kufikia 2024 mtaani dola ilishavuka peso 300, mshahara wa wastani wa serikali ukiubadilisha kwa bei hiyo haufiki dola 20 kwa mwezi. Miaka hiyo hiyo zaidi ya theluthi ya uwekezaji ilikuwa inakwenda kwenye mahoteli na majengo, kilimo kinapata kama asilimia 3. Wamejenga hoteli ya zaidi ya ghorofa 40 pale Havana wakati mitambo ya umeme ni ya miaka ya 70 na 80, na Februari 2024 serikali kwa mara ya kwanza iliomba Shirika la Mpango wa Chakula Duniani iwasaidie maziwa ya unga ya watoto chini ya miaka 7. Oktoba 2024 mtambo mkubwa wa umeme wa Antonio Guiteras ukazimika, gridi nzima ikaanguka, hiyo ndo habari uliyoiona.

Sasa unaniuliza nani alaumiwe, na wewe unataka jina moja. Ninachoona mimi baada ya kusoma habari hii miaka mingi ni kwamba vikwazo virefu na utawala mbovu havikai kwenye mizani miwili tofauti, vinalishana. Nchi yenye mikopo na marafiki wa kawaida ikikosea sera, kama sisi tulivyokosea miaka ya 70 na 80, inaumia, inakopa, inageuka. Cuba ikikosea haina mto wa kuangukia, kosa la miaka miwili linakuwa la kumi. Na upande wa pili, serikali iliyozingirwa inapata sababu ya kila kitu: ukikosoa uko na adui, ukifungua duka ni mlango wa adui, na bidhaa zikiwa chache anayegawa ndo mwenye nguvu. Daftari la mgao lipo tangu 1962. Leo kundi la makampuni ya jeshi, GAESA, linashika mahoteli na maduka ya fedha za kigeni, hilo halijafilisika.

Hili la nani anafaidi hata ukanda wetu tumeliona. Julai 1996 Buyoya alipochukua Burundi kwa mapinduzi, majirani walikutana Arusha, Mzee Nyerere akiwa msuluhishi, wakaifungia biashara. Burundi haina bahari, mafuta na mizigo inatoka Dar kupitia Kigoma au inatoka Mombasa, kwa hiyo ilibana kweli, kahawa yao ikakwama, bei za mafuta zikapaa. Lakini magendo yakafunguka, na waliokuwa na magari, vibali na jamaa jeshini wakatajirika, mwananchi wa kijijini akalipia. Aprili 1997 vikalegezwa kwa vyakula na pembejeo, Januari 1999 vikasitishwa. Miaka miwili na nusu. Tofauti na Cuba ni kwamba vile vilikuwa na mlango wa kutokea, mazungumzo yakisogea vinalegezwa. Vya Cuba viko ndani ya sheria ya nchi nyingine, inayodai kwanza serikali ibadilike, na madai ya mali zilizotaifishwa yamalizwe, madai 5,913 yaliyohesabiwa zamani kuwa dola bilioni 1.9 kabla ya riba.

Ulisema si wamezoea. Kuna walichojifunza, hilo kweli. Walijenga sayansi ya dawa tangu miaka ya 80, chanjo za korona walitengeneza zao wenyewe, na kile kiwanda cha viuadudu vya mbu pale Kibaha ni teknolojia yao. Kutuma madaktari nje kukawa kunaingiza hela kuliko sukari na utalii, hata Kenya walifika kama 100 mwaka 2018. Venezuela iliwalipa kwa mafuta tangu 2000, nayo ikaanguka, ukaona tena mchezo wa kumtegemea mmoja.

Lakini vikwazo navyo havijakaa pale pale. Januari 2021 Marekani iliirudisha Cuba kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi, na ukiwa raia wa Ulaya umetembelea Cuba tangu mwezi ule, huingii Marekani kwa kibali chepesi cha mtandaoni, lazima uombe viza ubalozini. Mjerumani anayetaka kwenda likizo anaona bora aende Jamhuri ya Dominika. Watalii walikuwa milioni 4.7 mwaka 2018, 2024 wakafika milioni 2.2. Biden akaitoa kwenye orodha tarehe 14 Januari 2025, Trump akairudisha siku sita baadaye.

Na vikiondolewa kesho? Mizigo itashuka bei haraka sana, frayti na malipo ya benki ndo vitu vya kwanza, watu wa maduka madogo binafsi, walioruhusiwa rasmi 2021, nao watafanya maajabu, tuliona dalili 2015 na 2016 wakati wa Obama. Kisichorudi haraka ni watu. Tangu 2021 wameondoka zaidi ya milioni moja, wengi vijana, mafundi umeme, manesi, walimu, nchi imebaki na wazee wengi kuliko karibu nchi zote za Amerika ya Kusini na Karibiani. Mtambo unaweza kununua, hata kwa mkopo, lakini yule fundi wa Guiteras aliyeujua kwa sauti tu yuko Florida anaendesha gari la mizigo, na hana mpango wa kurudi.